Kiberiti Juu ya Tairi

Mtoto alipolia kwa mara ya kwanza, Mzee Hirsi alikuwa amesimama nje ya dirisha na tasbihi mkononi. Hakuuliza kama ni wa kiume au wa kike. Alisema Alhamdulillahi, akavuka ua mpaka kwenye banda la mabati, akalivua turubai gari lake dogo jekundu na kuanza kulipangusa vumbi kwa shuka yake ya begani. Mkewe Deqa alipotoka kumpa habari kamili, kwamba ni msichana na mama yake ni mzima, alimkuta amepiga magoti kando ya gari.

"Siku ya arobaini atatoka na hili," Hirsi alisema. "Mimi mwenyewe ndiye nitaendesha."

Deqa alirudi ndani akicheka kimoyomoyo, maana gari lenyewe lilikuwa limeketi juu ya mawe. Halikuwa na hata tairi moja.

Shamis, aliyekuwa amelala na kichanga kifuani, aliambiwa maneno hayo jioni alipokuwa akinywa uji. Hakucheka. Alimjua baba yake. Akageuza shingo kidogo, akatazama nje kupitia upenyo wa pazia, akaliona gari likiwa limeng'aa upande mmoja tu, upande ambao shuka ilikuwa imefika kabla ya Magharibi.

Kwa watu wao, mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Hufukiziwa udi asubuhi na jioni, yeye na mtoto hufungwa mkononi uzi wa vipande vya manemane, na wanawake wa ukoo huingia na kutoka na supu, samli na maneno. Siku ya arobaini ikifika, mama na mtoto wake hutoka, wakaenda kushinda nyumbani kwa jamaa, ndipo mtoto anakuwa ameonyeshwa mji na mji umeonyeshwa mtoto. Ni safari ya siku moja tu, pengine hata si mbali. Lakini watu huikumbuka, hasa nani aliyekutoa na ulitoka vipi.

Hirsi alikuwa na sababu yake ya kuikumbuka.

Baba yake alifika Isiolo na jeshi la Waingereza, mtu wa pwani ya Berbera, na vita vilipokwisha akaachwa hapo na kipande cha ardhi na koti la kijeshi. Hirsi alizaliwa hapo, akakulia katika vumbi la malori. Alianza kama utingo, akawa dereva, mwishowe akawa na lori lake mwenyewe. Alipeleka sukari na unga Moyale, akarudi na ngozi. Alipita njia hiyo kabla ya miaka ya fujo, akaipita wakati wa fujo katika misafara ya kulindwa na askari, akaipita na baadaye. Shamis alipozaliwa, lori lilikuwa limezama kwenye matope zaidi ya Marsabit, mvua imekataa kukatika. Siku ya arobaini Deqa alimbeba mtoto kifuani, akafungua mwavuli mweusi, akatembea kwa miguu kutoka mtaa wao mpaka Bulla Pesa kwa wifi yake Asho, jua likiwa utosini. Hirsi alipofika nyumbani, mtoto alikuwa tayari anaikaza shingo na kugeukia sauti za watu.

Hakuna aliyemlaumu. Njia ilikuwa hivyo, na kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na baba aliyekwama mahali. Ila Shamis alikuwa amekua akisikia kile kisa cha mwavuli, na alikuwa ameona kwamba kila kikisimuliwa, watu wakicheka na kusifu miguu ya mama yake, baba yake alikuwa akichukua birika kwenda kuongeza chai ambayo haikuwa imeisha.

Sasa magoti ya mzee yalikuwa yamechoka na kanyagio za lori. Aliyekuwa akiliendesha ni Abshir, mume wa Shamis, na wakati huo Abshir alikuwa huko huko njia ya Moyale. Mvua za mwaka ule wa sabini na nane zilikuwa nyingi. Kama angefika siku ya arobaini, heri. Kama hangefika, mtaa mzima ungeelewa, kama ulivyoelewa zamani.

Gari jekundu lilitoka Timau, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama kurudi kwao. Hirsi alikuwa amembebea sufu za kondoo miaka mingi, basi walipoagana akaachiwa hilo gari. Lilikuwa la milango miwili, chini chini, boneti ndefu, na nyuma kikalio kidogo ambacho aliyekitengeneza labda alikuwa na watoto wembamba. Injini ilikuwa nzima. Miguu ndiyo iliyokuwa imeoza, ringi zimeliwa na kutu, matairi yamepasuka kama kisigino cha mchungaji, vyote vikang'olewa na kutupwa. Mtaani waliliita Digidigi.

Kwa hiyo siku zile za ndani, kitanda cha Shamis kikiwa kimesukumwa karibu na dirisha apate hewa, alichokiona cha dunia kilikuwa upana wa upenyo wa pazia: banda, gari, mgongo wa baba yake, na fundi Bedan.

Bedan alikuwa Mmeru wa Kibirichia, mwenye gereji ndogo karibu na stendi ya malori. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, kofia ya sufu hata wakati wa joto, na kila akiingia ua ule alisimama kwanza langoni akasema hodi kwa sauti, ili wanawake wajue kuna mgeni. Yeye ndiye aliyepata ringi nne kutoka gari jingine lililopinduka, zenye matundu manne kama yanavyotakiwa, pana kuliko zile za zamani na hazina kutu. Zilibaki tairi.

Siku moja Shamis alikuwa akinyonyesha, akawasikia wakibishana pole pole. Bedan alikuwa akieleza namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ya kwanza ni upana, alisema, na ile ya mwisho ni ukubwa wa ringi. Kumi na tatu haibadiliki, kwa sababu ringi ni kumi na tatu. Upana ndio wa kuchagua. Gari lilitoka kiwandani na mia moja sitini na tano. Hizo ziko Meru, kila duka linazo.

Hirsi akauliza kuna nini juu ya hapo.

Bedan akasema iko mia moja themanini na tano, fupi kidogo na pana, lakini hiyo ni ya watu wa mashindano, na lazima iagizwe Nairobi.

Shamis alijua jibu kabla baba yake hajafungua kinywa. Pasaka moja mzee alikuwa ameenda Nanyuki kuona magari ya mashindano yakipita, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, na kwa mwezi mzima hakuzungumza kingine. Alisema yale magari yanasimama kama ngamia aliyetanua miguu kunywa maji. Huwezi kumwangusha.

Tairi pana zikaja juu ya paa la basi, zimefungwa kwa kamba ya katani. Hirsi alizipokea stendi mwenyewe, akazisukuma mpaka nyumbani moja moja, akipitia katikati ya mtaa.

Lakini tairi ilipovishwa ringi na ringi ikafungwa mahali pake, gurudumu lilikataa kuzunguka. Upande wa ndani ulikuwa unagusa springi. Hirsi alilizungusha kwa mkono, likakwaruza, likasimama. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga.

"Mzee, usikate tamaa," Bedan alisema. "Hapo tunaweka spesa."

Kesho yake alikuja na mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani yake mna vipande vya chuma vya mviringo, bapa, kila kimoja na matundu manne. Alikuwa amechongesha Meru kwa mashine, vinne vyembamba kama chapati na vinne vinene kama mkate wa mofa. Kazi ya kitu hicho ni kukaa nyuma ya ringi na kulisogeza gurudumu lote nje. Walianza na nyembamba. Gurudumu lilizunguka, ila kati ya tairi na springi hata kidole kilikuwa hakipiti, na Bedan akatikisa kichwa. Wakaweka nene. Kidole kikapita, na kingine juu yake. Ila sasa bolti zilikuwa fupi, nati zimeshika ncha tu. Hirsi alisema zimeshika. Bedan akasema kushika ncha si kushika, nati lazima ijae bolti mpaka mwisho, na hakukubali literemshwe kwenye jeki mpaka atie bolti ndefu. Kwa hilo Shamis, nyuma ya pazia, alimwombea heri.

Siku gari liliposimama kwa miguu yake yote minne, hata Deqa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Lilikuwa zuri. Tairi zilikuwa zimejaa sawasawa ndani ya madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, ubavu wake umelingana na bodi kama umepimwa kwa uzi. Hirsi alilizunguka, akarudi nyuma, akakunja shingo. Bedan akachukua kiberiti chake, akakipitisha kati ya tairi na ukingo wa madigadi, gurudumu kwa gurudumu. Kilipita kote.

"Kiberiti kinapita," Hirsi alitangazia ua mzima.

Aliliendesha peke yake mpaka kwenye kizuizi cha polisi, pale barabara ya kwenda kaskazini inapoanza, akarudi. Hakuna kilichokwaruza. Waliokuja kutazama walikuja na maneno yao. Mmoja aliuliza kama Digidigi ataanza kulipa ushuru wa ng'ombe kwa kukanyaga ardhi kubwa hivyo, na Hirsi akajibu kwamba wenye wivu wakae upande wa moshi. Shamis alikuwa hajamsikia baba yake akitania watu tangu magoti yalipomshinda. Alimlaza mtoto, aliyekuwa ameitwa Sahro, akamnong'oneza kwamba babu yake amekuwa kijana.

Jambo lenyewe lilitokea alasiri moja, siku chache kabla ya ile siku.

Eedo Asho, dada yake Hirsi, alikuja kutoka Bulla Pesa kumwona mtoto. Eedo ndivyo Wasomali wanavyomwita shangazi, na huyu alikuwa shangazi wa kweli kweli, mwili mkubwa, kicheko kikubwa, mkono usiokosa tende. Kabla ya kuingia ndani alitaka kuonja kiti cha gari, kwa kuwa yeye ndiye angekuja kuwasindikiza kwake siku ya arobaini. Hirsi alikuwa msikitini. Bedan alikuwa amepita kukaza nati na kuondoka, na kiberiti chake alikisahau pale alipokuwa akipimia, juu ya tairi la nyuma chini ya madigadi.

Asho alifungua mlango, akajipenyeza nyuma, akaketi. Gari liliitikia kwa mlio wa springi.

Shamis alikuwa akilitazama lile tairi bila kuwaza kitu, kama mtu anavyotazama maji yakichemka. Akaona ukingo wa madigadi ukishuka. Akasikia kitu kikivunjika, kidogo, kama mfupa wa kuku. Asho aliendelea kula tende, akimsemesha Deqa mlangoni. Alipotoka, gari liliinuka, na kiberiti kikaanguka mchangani kikiwa bapa kama barua.

Shamis aliachia pazia. Alimtazama Sahro usingizini, ule uzi wa manemane kwenye kifundo chake chembamba, na akafikiri. Baba yake alikuwa amepima gari likiwa tupu, na aliliendesha likiwa tupu. Alikuwa mtu wa malori. Lori tairi zake ziko mbali na bodi, ukilipakia mpaka juu hazigusi popote, na tairi hupimwa kabla ya mzigo kwa sababu mzigo ukishapanda njia ya Moyale hakuna atakayeushusha. Miaka yote hiyo mkono wake ulikuwa umejifunza hivyo. Lakini Isiolo nani anaingia kwenye gari peke yake? Kungekuwa na yeye na mtoto, mama yake, Eedo Asho, chetezo, mtungi wa samli, pengine na jirani atakayeomba kushushwa sokoni. Na kati yao na Bulla Pesa kulikuwa na makorongo ambayo hata punda aliyapita kwa kufikiri.

Angeweza kunyamaza. Alijua namna ya kunyamaza. Usiku huo aliwaza zaidi juu ya kicheko cha baba yake pale uani kuliko juu ya tairi.

Asubuhi Hirsi alikuja kama kawaida kukaa chini ya dirisha na chai yake, mgongo kwenye ukuta, wakizungumza bila kuonana. Shamis alimuuliza habari za Abshir. Lori lilikuwa limeonekana Marsabit, alisema, lakini mito imejaa. Kila mmoja alikuwa na mwaka wake kichwani, yeye huu, baba yake ule wa mwavuli.

"Aabo," Shamis akamwambia baba yake, "ile siku, watapanda kina nani?"

"Wewe na mtoto mbele, na mimi. Mama yako na Asho nyuma."

"Basi mwambie Bedan apime tena. Apime na watu wakiwa ndani."

"Kilipita kiberiti."

"Kilipita, aabo. Kiko hapo mchangani, karibu na tairi la nyuma. Kiangalie."

Alisikia kikombe kikiwekwa chini. Alisikia ndala za baba yake zikivuka ua, zikasimama karibu na gari.

Upimaji wa pili ulikuwa mchana, na mtaa uliuzungumzia baadaye kwa miaka. Bedan aliitwa. Alipoelewa kinachotakiwa aliinamisha kofia, akamwomba Mzee Hirsi amwombee ruhusa, kwa kuwa yeye hawezi kuwaambia kina mama wapande wapimwe. Asho ndiye aliyemwondolea aibu. Aliingia nyuma mwenyewe, akamvuta Deqa aketi kando yake, akasema leo amekuwa gunia la sukari na wasimpakie juu chini. Hirsi akaketi mbele. Mahali pa Shamis na mtoto waliweka mfuko wa mchele, na Shamis kutoka dirishani akasema mfuko hautoshi, amekunywa supu nyingi mno, na hapo hata Bedan akacheka.

Kisha Bedan akalala ubavu mchangani, na kicheko kikaisha. Tairi za nyuma zilikuwa zimegusa madigadi pande zote mbili, ukingo wa bati umekaa juu ya mpira kama kisu juu ya nyama. Gari halijaenda hata hatua moja.

"Mzee," alisema, "hapa kwa shimo la kwanza hii bati itakata tairi. Na utakuwa na mtoto."

Wakatafuta njia. Kugonga madigadi kwa nyundo ifunguke nje, Hirsi hakutaka kusikia. Kuweka spesa nyembamba, tairi pana zingerudi kwenye springi. Bedan alikuna shingo, akataja kwa upole zile mia moja sitini na tano za Meru. Nyembamba, ndiyo, na ndefu kidogo kwa kimo, lakini zingeingia ndani ya madigadi na kupanda na kushuka bila kugusa, na spesa za chapati zingezitosha. Hirsi alijifanya hakusikia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tairi pana, na Shamis aliona jinsi kidole gumba kilivyokuwa kikiipapasa.

Mwishowe mzee alisema kuna njia rahisi. Mzigo upunguzwe. Apande Shamis na mtoto peke yao, naye aendeshe pole pole. Wale wengine si mbali, wangekuja nyuma yao.

Asho alifungua mdomo, lakini Deqa alikuwa wa kwanza. Alikuwa bado ameketi ndani ya gari, mikono mapajani.

"Sawa," alisema. "Mimi nitatembea. Mwavuli bado uko."

Hakulisema kwa hasira. Shamis alimjua mama yake na alijua hapakuwa na mwiba ndani yake. Alikuwa akisema tu jambo ambalo lingewezekana, kwa sababu lilishawezekana. Akatoka kwenye gari, akajipangusa mchanga, akaenda kuangalia mchele wa kwenye moto. Hirsi alibaki amesimama na mkono juu ya tairi. Bedan akakusanya spana zake taratibu, moja moja, akazifunga kwenye kitambaa, akaaga.

Jioni ile mzee hakuja dirishani. Alikula kidogo. Shamis alijilaumu, akatamani angekuwa ameacha kile kiberiti kizikwe na upepo.

Alfajiri, baada ya sala, aliamshwa na mlio aliokuwa ameujua tangu utotoni, kabla ya kujua kuzungumza: jeki ikipanda. Alivuta pazia. Baba yake alikuwa peke yake uani, amepiga yale magoti yake mabovu kwenye kipande cha gunia, akifungua nati. Tairi pana la kwanza lilikuwa limeshaegemezwa ukutani. Alipoona pazia limesogea alisema, bila kugeuka, kwamba lile basi la Meru linaondoka mapema na Bedan atapanda nalo kuchukua zile nyingine.

"Ni nzuri pia, aabo," Shamis akasema.

"Si nzuri," akajibu. "Ni nyembamba kama miguu ya Bedan. Lakini zitambeba mama yako."

Zilipokuja, walizipima na watu ndani tangu mwanzo. Asho aliletwa na mkokoteni wa punda, akidai alipwe kibarua. Bedan aliweka spesa nyembamba, akafunga, akashusha jeki, akawapandisha wote, akalala mchangani pande zote nne. Tairi zilikuwa zimeingia ndani ya madigadi, na gari zima lilionekana limekuwa dogo, la adabu, kama mtu aliyevuliwa koti la kuazima. Bedan hakutumia kiberiti. Alipitisha kiganja chake kizima, pole pole, kati ya mpira na bati, Asho akiwa ameketi juu yake. Kilipita.

Siku ya arobaini ilifika na mbingu safi. Abshir alikuwa amefika Laisamis, ndivyo dereva mmoja alivyoleta salamu, na pamoja na salamu ametuma neno kwa mkwewe: amtoe mtoto kwa niaba yake, naye akifika atasema asante kwa mdomo. Hirsi aliyarudia maneno hayo kwa kila aliyeingia langoni.

Shamis alitoka mlangoni na Sahro kifuani, macho yakiuma kwa mwanga. Alikuwa amelijua gari lile kwa upana wa pazia tu, sasa lilikuwa zima mbele yake, na baba yake amevaa koti la kijeshi la marehemu baba yake, vifungo vimesuguliwa. Alikuwa amemfungulia mlango wa mbele.

Shamis hakuingia hapo. Alijikunja, akaingia nyuma kwa Eedo Asho, akakaa kwenye nafasi iliyobaki, ambayo haikuwa kubwa.

"Wewe, njoo mbele," Hirsi alisema. "Mtoto anakaa mbele."

"Mtoto yuko vizuri hapa kwa eedo yangu, pana joto," Shamis alijibu. "Mbele ni pa hooyo."

Hooyo ni mama. Deqa alikuwa amesimama kando na mwavuli mweusi umekunjwa, ule ule, ukiwa umeshonwa mara nyingi. Alitazama kiti, akamtazama mumewe, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba wamekosea. Hirsi aliuacha mlango wazi. Alizunguka gari, akamshika mkono kama bibi harusi, akamketisha, akakunjia ndani pindo la vazi lake, guntiino, lisije likabanwa na mlango.

Waliondoka. Mtaa mzima ulikuwa nje. Bedan alisimama mlangoni pa gereji yake na kofia mkononi, akisikiliza magurudumu zaidi ya kuyatazama. Hirsi naye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vile vile. Kwenye korongo la kwanza wote ndani ya gari walishika pumzi. Nyuma ikazama, ikainuka. Hakuna kilichogusa. Korongo la pili vivyo hivyo. Kwenye la tatu Asho alisahau kushika pumzi, alikuwa akimwonyesha Sahro nyumba ya jirani anayemdai kuku.

Walipita sokoni, wakapita msikitini, watu wakiinua mikono na kutoa salaam. Hirsi aliendesha mwendo ambao mtoto mdogo angeweza kuwafuata kwa miguu. Shamis, goti lake limebanwa, aliuona uso wa mama yake kwenye kioo kidogo cha mbele. Deqa alikuwa akitazama ile njia. Kila mahali walipopita palikuwa na jiwe au mti alioufahamu, mahali alipopumzika, mahali alipohamisha mtoto bega. Mwavuli ulikuwa umelala mapajani mwake, haujafunguliwa.

Mbele ya lango la Asho, Bulla Pesa, wanawake walikuwa wameshajipanga na chetezo kinachofuka. Vigelegele vikaanza. Hirsi alizima gari, akateremka na kuzunguka kumfungulia mkewe mlango.

Deqa hakuteremka.

"Baba Shamis," alisema kwa sauti ya chini, ambayo Shamis aliisikia kwa sababu tu alikuwa nyuma yake. "Zunguka tena. Pitia ile njia tena, mpaka nyumbani, halafu turudi."

"Wanatungojea, Deqa."

"Wangoje. Si wewe unaendesha?"

Hirsi alisimama akishika mlango. Kisha akaufunga pole pole, akawaambia wanawake kwamba kuna kitu amesahau nyumbani, akarudi kwenye usukani. Asho alilalamika kwamba miguu yake imekufa ganzi, lakini hakuteremka. Sahro aliamka, akatazama paa jekundu juu yake, akalala tena.

Zile tairi pana hazikufungwa tena. Zilibaki zimeegemea ukuta wa banda, jua na mvua juu yake, na mwaka uliofuata, Abshir akiwa nyumbani, mojawapo ndiyo aliyoishikilia Sahro siku aliposimama peke yake kwa mara ya kwanza, mpira umemfika kifuani.